Breki Zilizoshika Uani

Breki iliyoungua ina harufu yake. Si ya moshi wa kuni, wala si ya mpira wa tairi. Ni kama mtu kachoma pembe ya ng'ombe mahali fulani nyuma ya nyumba, nawe unaigundua ikiwa tayari imeshakaa kooni. Juma lililopita nilipewa lifti na mwenzangu wa kazini tukitoka Bukoba, na tulipokuwa tukishuka mlima mmoja mrefu harufu hiyo ikaingia dirishani. Mwenzangu aliendelea kunisimulia harusi ya dada yake. Mimi nilikuwa nimeshashika mlango kwa mikono miwili. Nikamwomba asimame. Alidhani nataka kutapika, akanisogezea mfuko wa plastiki. Nilishuka nikakaa kwenye jiwe hadi magurudumu yakapoa, na sikumweleza kitu. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliokulia kwenye viti vya mbele vya magari ya baba zenu, mkiamini kwamba baba akikanyaga chini, dunia lazima isimame.

Baba yangu alikuwa na pikapu nyeupe iliyochakaa. Alibeba ndizi na kahawa kutoka vijiji vya Kaisho hadi Kayanga, na njiani alipita nyumbani kwetu Songambele kula chakula cha mchana. Mimi ndiye niliyekuwa mtoto wake wa gari. Kila siku isiyo ya shule nilipanda naye. Kazi yangu ilikuwa kuleta maji kwenye jagi asubuhi, kusimama juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kumimina kwenye rejeta yeye akiwa ameshika boneti. Nilijua kila kilichokuwamo mle ndani kwa macho, ingawa sikujua majina. Kulikuwa na kikopo kimoja cha plastiki chenye kifuniko cheusi, karibu na upande wa dereva, na hicho nilikatazwa kukigusa. Baba alisema hicho ndicho cha breki. Hakusema zaidi, na mtoto akikatazwa kitu bila maelezo, mkono wake huwasha.

Asubuhi ya siku moja ya gulio, Mama alimwita Baba ndani akamsaidie kufunga gunia. Boneti ilikuwa wazi imeegemezwa kwa kijiti chake. Nilikuwa juu ya ndoo yangu. Nilizungusha kile kifuniko nikachungulia. Ndani kulikuwa na maji meupe yenye povu pembeni, kama maji yaliyobaki kwenye beseni baada ya Mama kufua. Nikainama nikanusa. Yalinuka sabuni ya mche. Nilifurahi, kwa maana nilijiona nimegundua siri ya watu wazima: kumbe breki hunywa sabuni. Kisha nikasikia viatu vya Baba, nikarudisha kifuniko haraka, nikashuka. Sikuwa na hakika kama nilikikaza.

Tulikwenda Kaisho tukapakia hadi springi za nyuma zikalala. Jua lilikuwa kali. Tulipoanza kuteremka mlima wa kurudi kwetu, Baba alikuwa akiimba kidogo kidogo wimbo wa kanisani kama kawaida yake, mguu ukiwa juu ya breki muda mrefu kwa sababu mzigo ulikuwa ukitusukuma. Harufu ile ya pembe ikaja. Nilimwuliza ni nini, akaniambia ni breki tu, mlima ni mrefu. Tulipita kona ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu aliacha kuimba.

Nilimwona akikanyaga, mguu ukazama hadi chini bila sauti, kama unavyozama kwenye matope. Akaukanyaga tena na tena. Aliingiza gia ndogo, gari likapiga kelele na kutikisika, akavuta breki ya mkono, nayo ikalia bila kutuzuia. Wala hakupiga yowe. Aliniambia kwa sauti ndogo sana, "Koku, shika chuma hicho. Usiachie." Kisha akaanza kupiga honi bila kuachia.

Mbele yetu, akipanda, alikuwa Ta Fulgensi, jirani yetu, akisukuma baiskeli yenye mikungu minne ya ndizi. Aliyewahi kusukuma baiskeli ya ndizi mlimani anajua kwamba ukiiachia, inakuvuta na kukuangusha nayo. Ta Fulgensi aliinua kichwa akatutazama. Alijaribu kuigeuzia baiskeli ukingoni. Upande mmoja kulikuwa na bonde, upande mwingine ukuta wa udongo, na yeye alikuwa upande wa ukuta. Baba alilikata gari kuelekea ukuta huohuo, kwa sababu bondeni tungekufa wote. Lilijikwaruza kwenye udongo, likapunguza mwendo, na lilipobakia kidogo tu kusimama likamfikia. Hatua kumi zaidi lingesimama lenyewe. Hatua hizo nilizipima baadaye kwa miguu yangu, nikienda shule na nikirudi.

Ta Fulgensi alifariki hospitalini siku ya pili. Hakuwahi kusema neno.

Wanaume waliokuja kulisukuma gari ukingoni walizungumza juu ya kichwa changu. Mmoja alisema, "Breki zimeingia upepo." Wengine wakaitikia kwamba ndiyo, ni upepo huo. Leo najua ni lugha ya mafundi, wakiwa na maana ya hewa iliyonasa kwenye mipira ya breki. Lakini kwetu sisi upepo ulikuwa kitu kingine. Mtoto wa jirani aliyepinda mdomo alipigwa na upepo. Shangazi aliyeanguka shambani akapoteza usemi alipitiwa na upepo. Nikajua papo hapo ulikoingilia: ulipita kwenye kile kifuniko cheusi ambacho sikukikaza.

Polisi walimchukua Baba, akakaa kwao siku nne. Gari lilivutwa hadi uani kwetu, na mkaguzi wa magari akaja kulikagua. Alikaa kwenye kiti cha Baba, akakanyaga, na breki ikawa ngumu kama jiwe. Akaliwasha, akaliendesha hadi kwenye mti wa parachichi na kulisimamisha, akarudi, akalisimamisha tena. Lilisimama kila mara kwa utiifu, huku watu wote wakitazama kutoka barabarani. Akaandika kwamba breki zinafanya kazi, akafunga daftari lake na kuondoka.

Hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kama breki zilikuwa nzima, basi kwa nini gari halikusimama? Watu hawakuuliza kwa sauti. Wengine walisema Baba alikuwa amekunywa rubisi, naye hakuwahi kugusa pombe. Wengine walikumbuka kwamba msimu uliopita yeye na Ta Fulgensi walibishana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji kwa sababu ya mpaka, kila mmoja akidai kwamba milamula, mimea ya mpaka iliyopandwa na wazee, imesogezwa. Ulikuwa ugomvi mdogo, wa watu wanaoazimana jembe. Sasa ukakua. Nilisikia dukani mwanamke akisema polepole, bila kujua nimesimama nyuma yake, kwamba kuna watu wanaojua kutumia gari kama panga.

Mazishi yalifanyika kwenye kibanja cha marehemu, hatua chache tu kutoka mpakani mwetu. Mama alijifunga kanga akaenda. Alirudi kabla ya ibada kwisha, akaingia jikoni akakaa bila kuwasha moto. Baba alipotoka kwa dhamana hakuna aliyekuja kumpa pole. Asubuhi moja tulikuta migomba mitatu ya upande wa mpakani imekatwa katikati, yote ikiwa imebeba, mikungu michanga imelala chini na utomvu umekauka juu ya majani. Wenyeji wa kwetu hawahitaji kuandikiwa barua baada ya hapo ili wajue kwamba damu inadaiwa. Baba aliitazama muda mrefu, akaichukua mikungu na kuwapa mbuzi. Tangu siku hiyo Mama hakuniruhusu kwenda kisimani peke yangu, na shuleni watoto wa ukoo ule walinizunguka bila kunigusa, wakinyamaza tu. Heri wangenipiga.

Nilibeba dhambi yangu hadi nikashindwa kula. Jioni moja nilimkuta Baba amekaa kwenye ngazi ya jikoni akitazama gari. Nilipiga magoti kama tulivyofundishwa tukizungumza na wakubwa, nikamwambia kwamba ni mimi. Nilimweleza kila kitu, ndoo, kifuniko, upepo. Nilikuwa nikilia hata maneno yakapishana. Yeye hakunikatiza. Nilipomaliza aliuliza jambo ambalo sikulitarajia.

"Ulipofungua, uliona nini humo ndani?"

"Povu, Baba."

"Ukanusa?"

"Ndiyo. Sabuni."

Alifumba macho. Nilidhani anamwomba Mungu anisamehe. Kisha akauliza nimemwambia nani, nikamjibu hakuna.

"Basi usimwambie mtu," alisema. "Hata mama yako."

Akaniwekea mkono kichwani. Nilimpenda jioni ile kuliko nilivyowahi kumpenda. Niliamini kwamba baba yangu amekubali kuitwa muuaji na kijiji kizima ili mimi nisiguswe. Nililala na imani hiyo kama mtu anavyolala na kaa la moto ndani ya blanketi.

Aliyekataa kunyamaza alikuwa Mama. Kaka wa kwanza wa babu yake alikuwa na mjukuu aliyekuwa fundi magari huko Ndama, mtu wa makamo aitwaye Salvatori, mwenye sifa ya kutoondoka kwenye gari hadi limkirie kosa lake. Mama alisema huyo ataonyesha kwamba breki zilikufa, na kwamba mumewe hakumwua mtu kwa makusudi. Baba alikataa. Alisema mkaguzi ameshakagua, kuna haja gani. Mama akamtazama. "Baba Koku," alisema, "mtu anayetupiwa jiwe hukimbilia ukuta. Wewe ukuta unaukimbia." Akatuma ujumbe mwenyewe, na akamwita mwenyekiti, Ma Leokadia mjane wa marehemu, na Deo, mdogo wa marehemu. Deo ndiye ambaye kila mtu alijua kwamba panga lililokata migomba lilikuwa lake.

Walikuja mchana, wakakaa kwenye mabenchi bila kuegemea. Ma Leokadia alikuwa amevaa nguo nyeusi. Nilimpigia magoti nikamwambia shikamoo, akaitikia marahaba akitazama mahali pengine.

Fundi Salvatori hakuanza na boneti. Aliinua gari kwa jeki, akafungua gurudumu, akavua kile chuma cha mviringo kinachofunika breki, akakigeuza mwangani. Ndani kilikuwa na rangi ya bluu kama shingo ya njiwa. Akampa mwenyekiti akishike. Alisema chuma hakigeuki hivyo hadi kiwe cha moto sana, kwa hiyo dereva alikanyaga breki, tena alikanyaga kwa muda mrefu. Mtu anayetaka kumgonga mwenzake hakanyagi. Mama akashusha pumzi. Deo akasema kwamba huenda ni moto wa zamani, na kwamba yeye kwa macho yake aliona breki zikishika hapa hapa uani. Fundi akamkubalia. Akasema hilo ndilo linalomsumbua pia, kisha akamwomba Deo apande kwenye kiti cha dereva amsaidie kukanyaga.

Hivyo ikawa ni mguu wa Deo uliokanyaga breki ile. Fundi alilala chini kwenye gurudumu la nyuma, akalegeza nati ndogo kwa spana, akaweka mtungi wa kioo wa jemu. Deo alikanyaga, kitu kikatiririka mtungini. Fundi aliuinua mtungi juu. Yalikuwa maji meupe. Nikayatambua.

Fundi aliuweka mtungi chini. Alimwomba Mama jiko la mkaa na makopo mawili. Katika kopo moja alimimina yale meupe, katika jingine mafuta ya breki kutoka kwenye chupa yake mwenyewe, akayaweka yote juu ya moto. Tukasubiri. Kopo la kwanza likaanza kutoa vipovu, kisha likachemka. La pili lilitulia kama halijui kwamba liko motoni.

Ndipo akaeleza, taratibu, akimtazama Ma Leokadia na si mwingine. Mafuta ya breki hayachemki upesi, alisema, ndiyo sababu yakatengenezwa. Maji huchemka. Gari likishuka mlima na mzigo, breki inapata moto, maji yaliyo karibu na gurudumu yanageuka mvuke, na mvuke unabonyea kama puto. Dereva anakanyaga, anabonyeza mvuke, gurudumu halipati nguvu. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji, na breki inakuwa ngumu tena. Ndiyo maana mkaguzi aliikuta nzima. "Ukiikagua uani itakushuhudia uongo kila siku," alisema. "Ukweli wake uko mlimani."

Kisha akauliza, "Nani aliweka maji ya sabuni kwenye breki za gari hili?"

Hakuna aliyejibu. Nilimtazama Baba. Alikuwa ameinamisha kichwa. Nikadhani ananilinda, na sikuweza kuvumilia tena kulindwa mbele ya yule mama mwenye nguo nyeusi. Nikasimama.

"Ni mimi," nikasema. "Nilifungua kifuniko."

Wote walinigeukia. Mama alishika mdomo. Fundi alinitazama kwa upole, akaniuliza nilimimina kiasi gani, na sikujua niseme nini, kwa sababu sikuwa nimemimina. Nikamgeukia Baba anisaidie. Naye alikuwa amekaa palepale, mikono katikati ya magoti, ameinama. Juu ya jiko kopo la kwanza lilipanda povu hadi ukingoni. Povu likavuka, likamwagika upande mmoja, mkaa ukalia, kisha likamwagika upande wa pili. Moshi wa sabuni ukatupita sote. Baba alikuwa bado hajasema neno.

Nimeishi miaka mingi tangu hapo. Nimezaa, nimezika. Sijawahi kukutana na kimya kirefu kama kile.

Hatimaye alisema, bila kuinua uso, "Kaa chini, Koku. Si wewe."

Akaeleza. Majuma kadhaa nyuma mpira wa breki wa nyuma ulipasuka huko juu Kaisho, mafuta yote yakamwagika, na duka la vipuri halikuwapo karibu. Aliufunga mpira, akaomba sabuni kwenye nyumba moja, akajaza maji ya sabuni kama alivyoona madereva wengine wakifanya, afike tu nyumbani. Breki zikashika. Alisema atabadilisha akifika Kayanga. Akafika Kayanga akasahau. Akafika mara ya pili, akasema kesho. "Zilikuwa zinashika," alisema. Alilirudia neno hilo kama mtu anayemwuliza mwenziwe.

Deo alishuka garini. Niliona mikono yake nikaogopa, lakini alikwenda tu kusimama nyuma ya benchi la shemeji yake. Ma Leokadia alikuwa na swali moja.

"Ulimpigia honi?"

"Nilipiga, Ma Leokadia. Nilipiga toka konani."

"Basi alikusikia."

"Alinisikia. Alinitazama."

Mama yule aliitikia kwa kichwa mara kadhaa, kana kwamba ameelezwa njia ya kwenda mahali. Sikuelewa wakati ule. Nadhani sasa kwamba alichokuwa akikiogopa siku zote ni kwamba mumewe alinyemelewa. Akainuka, akajifunga kanga vizuri, akaondoka kupitia mpakani, katikati ya vile visiki vya migomba.

Baba alikwenda mwenyewe polisi kesho yake, mwenyekiti akimsindikiza. Alifungwa. Hatukukatiwa migomba tena, na shuleni watoto wa ukoo ule walianza kunisemesha, kwanza kwa matusi, kisha kwa maneno ya kawaida. Gari liliuzwa vipande vipande. Aliporudi alikuwa mwembamba na hakushika usukani tena. Alilima. Kila msimu wa kahawa alivuka mpaka kumsaidia Ma Leokadia kuchuma, na mama yule alimwonyesha mibuni ya kuanzia bila kumwangalia usoni. Hivyo wakazeeka.

Mimi na Baba hatukulizungumza jambo hilo kwa miaka mingi. Nilikuwa mtu mzima, nimekuja likizo na watoto, tulipokaa wawili nyuma ya jiko tukimenya ndizi za mchana. Macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, alimenya kwa kupapasa. Akasema, kama mtu anayeendeleza mazungumzo ya jana:

"Koku, siku ile uliposimama. Unadhani ningenyamaza hadi mwisho?"

Kisu changu kilisimama. Nilifikiri kumpa jibu analostahili mzee, lile ambalo binti mwema angempa. Lilikuwa karibu kabisa mdomoni.

"Sijui, Baba," nikasema.

Alichukua ndizi nyingine, akaitafuta ncha yake kwa kidole gumba.

"Na mimi sijui," alisema.